Zamora Haikutwaliwa kwa Saa Moja

Mjukuu wangu, siku ile naikumbuka mpaka kwa pua: kitunguu saumu kikikaangwa kwa mafuta ya zeituni, jikoni kwa madam wangu, Al Garhoud, kule Dubai. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Mama yako hajaolewa, nami nina nguvu zangu, nawapikia Wahispania.

Mama yake madam alikuwa amekuja kumtembelea bintiye. Ajuza mfupi, mkavu, sauti ya kuamsha mtaa. Kwao ni Zamora, mji mdogo huko Uhispania, uko juu ya mwamba na mto unapita chini. Mdogo, lakini ukimsikiliza utadhani dunia ilianzia hapo. Makanisa ya mawe kila kona. Na wiki yao ya Pasaka, wanaume huvaa majoho na kofia ndefu zilizochongoka, wakaapa kunyamaza, wakapita njiani mji mzima kimya. Mimi nami nikubali kushindwa? Nikampa Maulidi ya kwetu Amu, matari na kasida, watu wamejaa mpaka vichochoroni. Madam akitafsiri huku anacheka.

"Nyinyi wawili mtakuja kupigana kwa ajili ya miji yenu!"

Tukiwa hapo na supu yao ya mkate wa jana, simu ikalia. Athman, mdogo wangu, kutoka Amu.

"Dada, yule mzungu anaitaka nyumba wiki hii. Sema ndiyo tu, khalas. Wewe uko Dubai, nyumba ya nini?"

Nyumba yenyewe marehemu baba alinipa nilipoolewa. Kwetu Amu mtoto wa kike hupewa nyumba, mume ndiye ajaye na sanduku lake. Athman hakuwa na haki nayo hata tofali. Lakini ndugu ni ndugu, na alikuwa amenipigia mpaka nimechoka. Neno "uza" lilikuwa limeshafika ulimini.

Ajuza akaniona uso. Akauliza, nikamwambia Athman angoje, nikaeleza. Loo! Aligonga mwiko kwenye sufuria, supu ikaruka.

"Mwambie huyu," akamwamrisha bintiye, "kwetu palikuwa na mfalme aliyewagawia watoto wake nchi. Binti mmoja akapewa Zamora. Kaka yake binti, aliyerithi kiti cha baba, na ufalme wote alionao, akautaka na ule mji mdogo. Binti akasema sitoi. Akafunga malango. Kaka akakaa nje na jeshi, miezi, mpaka akafia nje ya ukuta, mji hakuupata."

(Athman sikumwombea kifo, Mungu apishe mbali.)

"Ndiyo maana twasema, Zamora haikutwaliwa kwa saa moja. Na wewe unataka kuitoa yako kwa simu moja?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilirudi kwenye simu.

"Athman, baba alinipa mimi. Njoo ulale, ule, uugulie humo nikuuguze. Kuuza, huuzi."

"Dubai imekupa kichwa kikubwa, dada."

"Kichwa ni cha baba yako. Yalla, nina supu motoni."

Alininunia hadi Ramadhani ikapita. Halafu mama yako akachumbiwa, na ni nani aliyepanda ngazi kupaka chokaa kuta zile? Athman mwenyewe! Baba yako akaletwa humo, nawe ukazaliwa humo. Leo huyo mzungu akipita hutazama juu tu.

Basi sikia, mjukuu wangu. Ulichopewa na wazazi usikitoe kwa sababu umechoka kuombwa. Mwombaji naye huchoka. Sema hapana bila matusi, na mlango wa udugu uache wazi, kwa maana utamtaka siku ya harusi. Na mtu akikuuliza kwenu wapi, mtajie kwa sauti, hata kama ni mji wa kutupia jiwe ukaumaliza.

Mola akupe kauli isiyotetemeka, akupe ndugu wa kurudiana nao, na binti wa kumrithisha. Amin.