Nilivyopima Kiganja cha Mama

Duka nililoanzia kazi kule mtaani Mowlem lilikuwa la mzee wa kanisa letu, aliyekuwa akikata sabuni ya mche kwa uzi. Lilipozaa tawi la pili akaliita supamaketi. Lilipofika mtaa wa Fedha, akaanza kuvaa tai hata Jumamosi. Mama alimpelekea maandazi ya kuuza kila asubuhi tangu enzi za sabuni, na maandazi hayo ndiyo yaliyonisomesha.

Kisha wageni kutoka ng'ambo wakaja na mtaji, wakaunganisha kampuni yao na yetu. Mkutanoni tuliambiwa hiyo ni ndoa. Ndoa gani, na mahari hatukuiona? Tuliona fulana mpya za kijani na rafu nzima ya zeituni za chupa. Mowlem yote hakuna aliyewahi kuulizia zeituni.

Wageni hao wakataka kujua kwa nini maandazi ya mama huisha kabla ya saa tatu. Mimi, msimamizi wa rafu mwenye kiherehere, nikawapeleka nyumbani. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Mama akawakaangia karai zima, akaombea chakula, na walipouliza unga huwa kiasi gani, akacheka.

"Mimi napima na mkono tu."

Walikuwa wamebeba mizani ndogo. Nikamwambia, "Mum, weka hapa." Unga, sukari, iliki, kiganja baada ya kiganja, nikaandika yote. Mama aliamini anapewa oda ya matawi yote. Nami niliamini hivyo, au nilijilazimisha kuamini.

Muda si muda wakafungua jiko lao la kuoka na kukaanga pale Fedha. Oda ya mama ikakatwa. Aliyempigia simu kumwambia asilete tena ni mimi, kwa kuwa wakubwa walisema atanielewa. Wiki hiyo hiyo nikapewa beji ya meneja msaidizi, na mzee wetu wa tai akanishika mkono kama mtu aliyefanya jambo la maana. Nilimdharau. Nilijidharau zaidi, lakini beji niliivaa.

Jumamosi moja mama alikuja dukani akanunua pakiti ya maandazi. Nilimsikia akimwambia keshia, "Huyo meneja ni mtoto wangu." Akalipa, akafungua pakiti palepale mlangoni, akauma moja, akatafuna polepole huku mimi nimesimama mbele yake.

"Ni yangu kabisa," akasema. "Ulipima vizuri."