Gitaa la Kupalilia

Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa jirani na Tingi, nilifika na shahada moja na viganja laini kama mkate wa sinia. Kila Jumamosi tulilima shamba la kijiji, mwalimu na asiye mwalimu. Mtu mmoja tu hakushika jembe: mpiga ngoma, aliyekaa kivulini akiwapa wapaliliaji mwendo. Alipohamia Lindi kwa mwanawe nilisikitika kama wenzangu, kisha nikaanza kukitamani kivuli chake.

Ngoma sikuijua. Gitaa nilijifunza bwenini, mishiko mitatu ya vidole kwenye nyuzi, huo wa tatu kwa kubahatisha. Na huko Kilwa Masoko kulikuwa na mwenye duka aliyekaa muda mrefu na gitaa la mbao la bei nafuu, lenye kinasa sauti tumboni cha kuunganishwa na spika, asipate wa kulinunua. Nikamshawishi mwenyekiti wa kijiji. Akakubali tuliazime kwa majaribio, akaniteua mimi kulikagua kwa kuwa nimesoma. Nilichosomea ni historia, lakini hakuuliza.

Nililikagua kwa haki. Nyuzi zilikaa karibu na shingo, hazikuumiza vidole vya mtu anayepiga kwa kujifurahisha. Uzi mnene ulikoroma kidogo. Vifungo vya kukazia vilishika hadi saa nne asubuhi, jua likipanda vikalegea. Umeme hatukuwa nao, hivyo waya wa gitaa niliuchomeka nyuma ya redio yangu ya betri, kwenye tundu la kuunganishia santuri. Ikatoka sauti ya nyuki ndani ya debe, lakini ilifika mbali. Nikaandika kwamba linafaa, tena nikapigia mstari.

"Tutaliona shambani," akasema mwenyekiti.

Jumamosi nikakaa kivulini na redio yangu, nguo safi. Watu wakajipanga kwenye mihogo. Mstari wa mbele alikuwepo bibi mmoja, jirani yangu, ambaye tangu nifike alinihesabu miongoni mwa wajukuu zake wavivu.

"Haya, mjukuu wangu, tupe mwendo."

Nikaanza. Majembe yakapanda, yakashuka. Yakapanda, yakashuka. Kisha ukafika ule mshiko wa tatu, ambao vidole vyangu huutafuta kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Majembe yakapanda, yakabaki juu. Watu arobaini wakanisubiri.

"Bado?" akauliza bibi, jembe likiwa juu ya kichwa.

"Karibu, bibi."

"Usijihimize. Magugu nayo yanapumzika."

Kufikia adhuhuri tulikuwa tumepalilia eneo ambalo mbuzi mmoja angelimaliza peke yake. Mwenyekiti akaja kivulini, akaligonga gitaa kwa kidole, akasikiliza.

"Chombo hakina kosa, mwalimu. Tutakinunua, vijana wapige jioni pale shuleni. Ripoti yako ni ya kweli. Ila hukuandika habari za mpigaji."

"Sikuambiwa nimkague."

"Ndiyo maana tumemkagua sisi."

Akanipa jembe. Bibi akaanzisha wimbo kwa mdomo mtupu, na majembe yote yakashuka pamoja. Alikuwa amenitengea mstari ulio kando ya wake. Alisema anataka kusikia nikichoka.

Nilichoka kabla ya ubeti wa pili. Akasikia.