Kikombe Kilichofanana na Kofia

Shangazi ndiye aliyempachika jina la Kalamu, na kwa miaka mingi akabaki peke yake kulitumia. Wengine walilisahau, kama walivyosahau lilitoka wapi.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na Kalamu alikulia chini ya meza yake ya kukatia. Mabaki ya karatasi za kaki, zile za kuchorea vipimo, yakidondoka sakafuni, mtoto anayadaka. Alichora wateja. Aliwachora wakiwa wamenyanyua mikono wapimwe, wakivuta tumbo ndani ili fundi asiandike unene wao wa kweli, wakijigeuzageuza mbele ya kioo kutafuta kosa la kulalamikia. Mama mmoja alijiona kwenye karatasi akanuna siku nzima, kisha kesho yake akarudi kuiomba. Shangazi akacheka. "Macho hayana pazia," akasema, "lakini ya huyu yana kalamu."

Ukimuuliza Kalamu aliacha lini kuchora, hana siku ya kukutajia. Hakugombana na penseli. Kwanza ilikuja televisheni ya jirani, halafu shule ikawa nzito, halafu akapata kazi katika ofisi ya bima, dirisha la tatu, kuhamishia kwenye kompyuta fomu ambazo watu wamejaza kwa mkono. Kutwa anasoma miandiko ya kuku na kubonyeza. Ikifika saa kumi jioni, macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Anafika nyumbani, anavua viatu, anajitupa kwenye kochi na kutoa simu. Akitoka kwenye kioo kikubwa, anapumzikia kwenye kioo kidogo. Humo ndani alikuwa amehifadhi mamia ya picha za michoro ya watu wengine, za kuja kuzijaribu siku moja. Siku moja ikawa miaka ishirini.

Kisha Shangazi akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: basi. Kiu ilikuwa basi, maumivu yalikuwa basi, na nifungulieni dirisha nipate hewa nayo ilikuwa basi. Kalamu na mdogo wake wa kiume walimlaza kwenye chumba cha mbele, wakawa wanabahatisha. Wakikosea, Shangazi anafumba macho na kugeukia ukutani.

Hospitali ilimtuma mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema upya, dada mpole mwenye sauti ya taratibu. Akauliza kama mgonjwa anajua kusoma.

"Herufi zilimpiga chenga tangu utotoni," mdogo wake Kalamu akasema. "Namba ndizo alizozijua, za vipimo."

"Basi tutumie picha. Kadi ya maji, kadi ya blanketi, kadi ya maumivu. Awe anaonyesha kwa kidole. Hapa nyumbani nani anajua kuchora?"

"Si huyu hapa, dada yangu," mdogo wake akajibu, akimnyooshea Kalamu kidole.

"Nilikuwa nachora," Kalamu akasema. "Zamani."

"Kikombe hakijabadilika tangu zamani," mtaalamu akamjibu, akafunga mkoba wake.

Kalamu hakuchora. Alitafuta picha kwenye simu, akamshikia Shangazi mbele ya uso. Shangazi alikunja macho kwa ule mng'ao. Akanyoosha mkono wa kushoto aguse kikombe, kidole kikateleza, kikombe kikaruka na mahali pake pakatokea tangazo la viatu. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alirudisha mkono kifuani, na machozi yakamtoka bila sauti.

Ndipo Kalamu akakata boksi la sabuni vipande vipande na kutafuta penseli. Aliishika kama mtu anayetia sahihi. Alichora kikombe, akampa. Shangazi akakitazama sana, kisha akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Kichwa kinauma?"

"Basi," Shangazi akasema, na kugonga kadi, na kujigonga tena utosini. Mabega yakaanza kumtikisika. Ilimchukua Kalamu muda kuelewa kwamba mgonjwa anacheka. Alikuwa ameona kofia.

"Ni kikombe, Shangazi."

"Basi, basi, basi."

Ilibidi aende jikoni akakitazame kikombe chenyewe. Alikunywa chai kwa kikombe kile kila asubuhi, lakini hakujua kishikio chake kinaungana wapi na tumbo la kikombe. Alisimama pale karibu na sinki, akachoka ghafla, uchovu ambao hata kulala hakungeutoa. Akarudi kuchora, na kikombe cha nne ndicho kilichofanana na kikombe. Kwa juma zima alimaliza kadi kumi na mbili, zote mbovumbovu, na zote zikafanya kazi. Shangazi alipata maji alipotaka maji.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa maneno mawili matatu yakarudi, kadi zikapungua kazi. Kalamu akaahidi kwamba Jumapili atamchora Shangazi mwenyewe. Shangazi aliogeshwa, akafungwa kitambaa kichwani, akakaa wima juu ya mito kama wale wateja wake wa zamani. Kalamu akaanza na paji, akafuata macho. Mdomo ukamshinda, kwa vile ulivyoinamia upande mmoja. Akatoa simu, dakika mbili tu, aone wenzake wanachoraje mdomo. Kwenye video bwana mmoja akachora. Akafuata mama akichora. Akafuata mtu anapamba keki, kisha mwingine anaziba paa linalovuja.

Alipoinua kichwa, Shangazi amelala. Kitambaa kimemteleza, na jua lililokuwa kitandani limehamia sakafuni. Alikuwa amekaa wima akisubiri mpaka usingizi ukamchukua.

Kalamu hakulia. Alichukua simu akaiweka jikoni, akarudi na kuketi. Uso ulikuwa umegeukia ukutani, kwa hiyo akachora alichoweza kukiona: mkono wa kushoto juu ya blanketi. Vidole vinne vikakubali. Gumba likatoka kama kipande cha tangawizi. Akafuta, akarudia, tangawizi ikanenepa. Macho yakaanza kumwasha.

Shangazi akaamka, akanyoosha mkono kuomba karatasi. Aliitazama. Kisha akakandamiza ukucha juu ya lile gumba.

"Hapana," akasema. Lilikuwa mojawapo ya maneno yake mapya. Akainua gumba lake mwenyewe, akalishikilia juu mbele ya macho ya Kalamu, alitazame vizuri.

Kalamu alishusha pumzi. Akageuza karatasi upande wa pili.

"Haya," akasema. "Usilitikise."