Repère ya Bafle za Kapata

Stanislas Mukalay wa Kapata ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kuunda bafle, yaani spika za mbao, ili Neno la Mungu lifike hadi viti vya nyuma vya kanisa. Halijafika bado. Linaanguka karibu na safu ya saba, linamezwa na kuta na mabati, na waamini wa nyuma huitikia "Amina" kwa kufuata migongo ya walio mbele.

Mwaka huu kamati ya parokia ilichoka. Mwenyekiti wake, Mama Huguette, mwanamke ambaye shaka haijawahi kumtembelea, alitangaza kwamba Jumamosi watasikiliza kwa mara ya mwisho. Bafle zikishindwa, zitatolewa, na badala yake zitawekwa zile nyeusi za kiwandani zenye taa za rangi tatu, maana sala bila taa za rangi siku hizi ni ya nini.

Stanislas aliujua ugonjwa wa bafle zake. Ndani ya kila sanduku mna wufa, yenye sauti nene, na twita, yenye sauti nyembamba. Sauti hizo mbili haziondoki pamoja: moja inatangulia, nyingine inachelewa, na neno linafika masikioni limepasuka. Dawa ni kupima kila moja peke yake, kisha kuichelewesha ile inayotangulia. Lakini muda uhesabiwe kuanzia wapi? Mikro yake, yaani maikrofoni ya kupimia, na kompyuta yake kila kimoja kina saa yake, kama wakubwa wa ofisi zetu. Basi alichagua repère, yaani alama ya kuanzia hesabu: twita nyingine ndogo, iliyofungwa juu ya kigoda, isiyosogezwa, inayolia "fwiii" kabla ya kila kipimo. Kompyuta ikiusikia mlio huo, inaanza kuhesabu.

Jumamosi asubuhi alipima wufa. Safi. Kisha akapaza sauti kwa kamati iliyokuwa ikipiga soga mlangoni.

"Bamama, munyamaze kidogo! Bila repère hatupime kitu!"

Mwangwi wa kanisa ukala silabi ya kwanza ya repère, kama ulivyozoea.

"Bila Père?" Mama Huguette alishtuka. "Juu ya nini haukusema tangu asubui?"

Akaenda mwenyewe kumwita. Père Kanyinda, padri mwenye mwili wa baraka nyingi, aliingia akasimama mbele kabisa, kati ya ile twita ya kigodani na mikro.

"Niko hapa, Tata Stani. Banasema bila mi kazi haiendeke."

Nani angembishia? Stanislas akapima twita ya bafle. Kompyuta ikamjulisha kwamba twita iko mbele ya wufa kwa mita moja na nusu. Sanduku zima halina kina cha hata nusu mita. Kwa hesabu hiyo, twita ilikuwa imetoka ndani na kwenda kukaa na wanakwaya.

Akainua macho, akaelewa. Mlio wa repère ulikuwa unaishia kwenye tumbo la padri. Kilichofika kwenye mikro ni kile kilichozunguka kwa kugonga ukuta, kimechelewa, hesabu yote ikaanza kwa uongo, na twita ikaonekana imetangulia mno.

"Père, mi naomba... usogee kidogo."

"Nisogee? Si ni mi banaita?"

"Stani!" Mama Huguette aliwaka. "Unafukuza Père mu kanisa yake?"

Stanislas akanyoosha kidole kwenye kigoda.

"Simufukuze, Mama. Nilisema re-père. Ni kale ka twita kale. Père anakafunika. Akibakia pale, bafle yangu inakufa leo."

Padri akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Kumbe mukubwa wa hii kanisa ni kale ka kitu!" Akasogea hadi ukutani.

Kipimo kipya: sentimita kumi na saba. Sauti humaliza umbali huo kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Stanislas akaichelewesha twita kwa kiasi hicho, na Père akasoma Injili. Kwenye kiti cha mwisho, Mama Fidélie, anayesali pale tangu ujana wake, aligeuka kwa mshangao.

"Ee! Kumbe Père anasemaka bintu mingi vile!"

Kamati ilijitenga dakika tano, ikaandika ripoti: bafle zibaki, kwa kuwa sauti ilinyooka tangu Père alipofika. Stanislas akaombwa kusaini. Alisaini haraka, kabla hawajafikiri tena.