Mwalimu Aliyejua Hati za Wapiga Kura

Siku hizi mji wetu wa Yukuse hauna uchaguzi wa maana. Tumeunganishwa na jiji, wagombea wanapita bila kupingwa, na vijana hawajui hata jina la diwani wao. Mimi naukumbuka mji ule wa zamani, na kila nikiukumbuka namwona Mwalimu Kinue Irokawa, mwanamke mfupi mwenye vumbi la chaki kwenye kucha.

Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane. Karibu kila aliyezaliwa Yukuse alishikwa mkono naye akafundishwa kuandika, kwa hiyo hati zetu alizijua kuliko sura zetu. Na sisi kura hatupigi kwa alama. Unaandika jina la umtakaye, kwa penseli, kwa mkono wako mwenyewe. Basi kila uchaguzi wa madiwani Mwalimu aliketi kuwa shahidi wa kuhesabu, karatasi zikapita mbele ya macho yake, na siri za mji zikaingia kichwani mwake zisitoke.

Kwa bunge hatukuwa na ugomvi. Wote tulimchagua mtu yule yule aliyetuletea daraja. Vita ilikuwa ya madiwani. Watu wa mtaa wa Juu walinunua pombe yao ya mchele duka la juu, watu wa mtaa wa Chini duka la chini, na hata kinyozi ulimfuata wa upande wako. Kura ilikuwa ya nyumba, si ya mtu; baba akishasema, imekwisha. Ulikuwa ujinga mtupu, lakini nauonea hamu, maana tuligombana kwa sababu tulijali.

Mimi nilizaliwa Chini nikaolewa Juu. Mwaka wa 1967 baba mkwe wangu, Mzee Torakichi Nozue, alikuwa akitetea kiti chake, na kaka yangu Shigeo naye akagombea kwa mara ya kwanza. Kule kibandani, peke yangu na penseli, nikaandika jina la kaka yangu.

Kura zilihesabiwa asubuhi iliyofuata. Kaka akapata kiti cha mwisho. Mzee Nozue akakikosa kwa kura mbili.

Mama mkwe wangu, Bi Yoshino, hakupiga kelele. Alisubiri nimalize kumnyonyesha mwanangu wa miezi minne, kisha akasema, "Vaa viatu, twende kwa Mwalimu. Akiniambia ulimwandika kaka yako, leo hii unarudi kwenu. Mtoto anabaki, huyu ni wa nyumba hii."

Nikavaa viatu, nikamfuata.

Mwalimu alikuwa anaanika figili barazani. Mama mkwe akainama, akamwekea kifurushi cha majani ya chai.

"Mwalimu, sina maneno mengi. Huyu mkamwana wangu, kura yake uliiona?"

"Niliziona zote, Bi Yoshino. Ndiyo kazi niliyowekewa kiti."

"Basi niambie alimwandika nani. Mzee hali, hasemi. Nyumba yangu imeingiwa na nyoka!"

"Kura ni siri."

"Siri ya nani? Mji mzima unajua kwamba wewe unajua. Usinifanye mtoto, Mwalimu."

Mwalimu akafuta mikono kwenye aproni, taratibu. Mimi hata hakunitupia jicho.

"Haya, leo nitasema. Lakini nyumba ya Nozue ina wakubwa wake, siwezi kuanza na mdogo. Nianze na kura yako?"

Mama mkwe akawa mwekundu mpaka masikioni. Mwishowe akasema, "Chai hiyo usiitie maji ya moto sana," akageuka, akaondoka mbio, nami nyuma yake.

Tulipofika darajani akasimama.

"Vipindi vitatu amekuwa diwani," akasema, akiangalia maji. "Vipindi vitatu nachuma chai peke yangu, yeye yuko mikutanoni analewa. Nilitaka mume wangu arudi shambani, basi. Ukimwambia, nakukata ulimi."

"Simwambii, mama."

"Na huyo kaka yako naye! Jina gumu kuandika kama nini!"

Tukacheka pale hadi tukashika vyuma vya daraja. Tangu siku hiyo tulipendana, na nilikaa naye miaka ishirini na sita, mpaka nilipomfumba macho kwa mikono yangu. Mzee alirudi shambani, akanenepa.

Mwalimu alipofika miaka tisini nilikwenda kumsalimu, nikamuuliza lile lililonikaa rohoni muda wote.

"Mwalimu, hati ya mama mkwe wangu uliitambuaje?"

"Sikuitambua," akasema. "Bi Yoshino aliletwa hapa ameshaolewa, darasani kwangu hakuwahi kukaa. Woga tu ulimsahaulisha."

"Yaani ulibahatisha? Na kama angekwambia, haya, anza na yangu?"

"Ningeumbuka." Akacheka bila meno. "Niliyoitambua ni yako, Chizuru. Uliandika, ukafuta, ukaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Nikasema, mtoto wangu huyu watamfukuza. Zile figili zilikuwa zimekauka tangu juzi yake. Nilikaa barazani nikiwangoja mje."

Nikalia pale pale, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minane.