Kidole Kisichosomeka

Fundi viatu alibonyeza tena dole gumba kwenye kimashine cha alama za vidole pale benki. Miaka ya uzi na gundi ilikuwa imelilainisha likawa kama kipande cha sabuni.

"Kidole chako hakisomeki, mzee," alisema binti wa dirishani. "Rudi wiki ijayo."

"Mama watoto ameruhusiwa hospitali, anasubiri nimlipie atoke. Kidole hakikusoma, mwanangu, lakini pesa kilileta."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Benki hii ilianza kama chama cha mafundi wa soko, naye alikuwa miongoni mwao. Siku hizo mtu akitaka pesa zake, wenzake wawili walisema "namjua," yakaisha.

Akaigeukia foleni. "Nani ananijua?"

"Namjua," alisema muuza mkaa.

"Namjua sana," akadakia mwashi. Sauti zikapandana mpaka meneja akatoka ofisini na kumwamuru binti alipe.

"Unatoa kiasi gani, mzee?" binti aliuliza, sasa kwa upole.

"Zote, na akaunti uifunge. Wanaonijua wako upande huu wa dirisha."