Mlango Uliotazama Barabara

Enzi zetu pale Machochwe, nyumba haikuanza na ramani, ilianza na konzi ya majivu. Kabla baba hajachimba shimo la kwanza, mama alishinda kiwanjani tangu asubuhi hadi jioni, akirusha majivu kidogo kidogo aone upepo unakwenda wapi. Sisi watoto tulimcheka. Alikuwa akisema, "Ukikosea mlango, utaishi na kosa lako mpaka uzeeke."

Kisha ikaja risaga, siku ya majirani kufanya kazi pamoja. Wanaume walisimamisha miti na kufunga fito, wanawake wakakanyaga udongo, sisi tukachota maji mtoni na kumwagiana nusu yake njiani. Kuta zilikandikwa nene, zikasiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Paa la nyasi lilishuka chini kiasi kwamba mtu mzima aliingia kwa kuinama. Jua lilipowaka tulijilaza humo sakafuni, matumbo yamejaa ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Ubaridi ule, jamani, naukumbuka mpaka leo.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikataka kumheshimisha mama. Nilimjengea nyumba ya tofali na bati, mlango ukitazama barabara, ili kila anayepita na bodaboda ajue mimi Bhoke nimejenga. Habari za upepo sikumuuliza mtu. Jua la jioni likaingia sebuleni bila hodi, mvua nayo ikalifuata, na bati likapiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Mama alisema tu, "Nyumba nzuri, mwanangu." Wiki ya tatu nikakuta amehamishia kitanda kwenye kibanda chake cha zamani cha jikoni, kile cha udongo. Niliona aibu, nikalia.

Sasa kibanda hicho kimeanza kuinama, na sidhani kama kitavuka masika. Mwanangu Marwa, aliyemaliza chuo cha ujenzi, amekuja na kompyuta yake kumchorea bibi yake nyumba. "Mama, kuna ujuzi mpya! Kuta nene za udongo, paa linaloshuka, nyumba inapoa bila umeme." Vijana wetu bwana! Wanapanda basi kwenda mbali kusomea mambo ambayo bibi zao waliyafanya peku. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Marwa alikuwa ameshachora mlango. Nikamwomba asubiri, nikamshika mama mkono mpaka kiwanjani, nikamtilia majivu kiganjani. Siku hizi macho yake hayaoni. Akarusha, akauliza, "Yamekwenda wapi?"

"Kule mlimani, bibi," Marwa akajibu.

"Basi mlango utazame huko huko. Upepo na mvua vitakuwa mgongoni."

Marwa akafuta mlango wake, akachora upya. Zamani mama ndiye aliyeona, nasi tukamcheka. Leo sisi ndio tunaomwonea, na laiti ningempa majivu yale kabla sijaweka tofali la kwanza, wakati bado angeweza kuyatazama yakipeperuka.